Hewa ya wizi: jinsi ya kufufua pawasoo kongwe kati ya Molo na Kisumu

Vuta kamba ya pawasoo, yaani msumeno wa injini, iliyolala stoo miaka mitano. Inakohoa mara mbili, inashika, na kabla hujagusa triga inapanda kasi yenyewe, inalia sauti nyembamba kama mbu aliyeingia sikioni, kisha kimya. Waliosimama karibu watasema ni kabureta. Kabureta itafunguliwa, itaoshwa, itarudishwa, na ugonjwa utabaki palepale. Pawasoo nyingi zinazoishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kuanzia Elburgon hadi soko la Kibuye, Kisumu, hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa kuvuta hewa mahali ambapo hewa haina ruhusa ya kupita.

Ubaya wa hewa hii ya wizi unatokana na jinsi injini ya stroku mbili ilivyoundwa. Haina sampu ya oili kama gari. Oili yote inayolainisha kranki, beringi na pistoni husafiri ndani ya petroli. Huingia kwanza katika chumba cha kranki chini ya pistoni, halafu husukumwa juu na kuchomwa. Chumba hicho kinapumua: pistoni ikipanda kinavuta, ikishuka kinasukuma. Sili ya kranki, ule mpira wa kuzuia hewa pale shafti inapotokea nje, ikipata ufa mwembamba kama unywele, kila pumzi huingiza hewa isiyopitia kabureta. Petroli inapungua, na oili yake inapungua nayo. Mchanganyiko wa namna hiyo huwaka kwa joto kali na kulainisha kidogo. Alumini ya pistoni inaanza kujipaka kwenye ukuta wa silinda, upande wa ekzosti kwanza, na dakika chache za kupasua gogo la bluugamu zinatosha kumaliza kazi.

Kwa hiyo rangi na mng'aro huja mwisho kabisa, na kamba haivutwi kabla ya kupima uvujaji. Hili la kamba ndilo gumu kutii. Kila anayenunua mashine kuukuu anataka kuisikia jioni ileile.

Anayekusanya katika ukanda huu atakutana na Stihl na Husqvarna kuliko kingine chochote, na mara mojamoja McCulloch au Homelite iliyosahaulika katika stoo ya shamba. Kama ni kuanza na moja, anza na Stihl 070. Injini yake ni sisi 106, yaani sentimita za ujazo 106: kipenyo cha silinda milimita 58, mwendo wa pistoni milimita 40. Ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa (bamba refu linaloongoza cheni) na cheni. Ni ya ukoo wa Contra ya mwaka 1959, iliyoachana na giaboksi na kuendesha cheni moja kwa moja kutoka kwenye kranki. Ndugu yake mkubwa, 090, ana sisi 137, na kamba yake ikirudi nyuma ghafla inaweza kukutegua kidole. Husqvarna nao walitoa pawasoo yao ya kwanza mwaka huohuo wa 1959, wakaiita 90. McCulloch 3-25 ya mwaka 1949 ina namba 25 kwa sababu ya uzito wake, ratili 25, yaani kama kilo 11, na wakati ule huo ulikuwa wepesi wa kujivunia.

Uzuri wa 070 hauko katika historia tu. Imenakiliwa sana, hasa China, kwa hiyo spea zake zinapatikana kwa urahisi usioupata kwa McCulloch. Dayaframu (tando laini za ndani ya kabureta), sili na kamba za nakala huwa zinafaa. Pistoni na ringi zipime kabla ya kufunga: ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Mwanya ukizidi milimita 1, ringi hiyo haifai. Na kama pawasoo yenyewe ni nakala, ijue hivyo na ilipie hivyo. Inakata mbao kama kawaida, ila si ya kukusanya.

Mashine zilizolala zina historia yake hapa kwetu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofunga milango mwaka 2009, soko kubwa la magogo ya Turbo na kandokando yake lilikatika. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na tangazo la kuondoa marufuku hiyo lilitolewa Molo Julai 2023. Pawasoo iliyowekwa stoo na petroli ndani kwa miaka mitano huwa na mambo matatu: gundi ya kahawia kwenye kabureta, dayaframu ngumu kama karatasi ya khaki, na sili zilizokauka mdomo. Lolote kati ya hayo ni kazi ya siku moja. Mwenye nayo hajui hivyo, na ndipo mnunuzi anapopata nafasi yake.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kutoa ekzosti. Kwa kawaida hushikwa na boliti mbili au tatu. Mulika ndani kwa tochi ya simu huku ukivuta kamba polepole, uone ubavu wa pistoni. Ukiwa laini, na mistari myepesi ya kiwandani ikionekana bado, umepata. Ukiona michubuko ya wima upande huu wa ekzosti peke yake, hiyo ni hewa ya wizi au petroli isiyo na oili. Michubuko kuzunguka pistoni nzima ni joto la kupita kiasi, mara nyingi mapezi ya silinda yaliyozibwa na unga wa mbao na oili. Ubavu wa upande wa kabureta ukiwa wa kijivu uliofifia kama uliopigwa msasa, chujio la hewa lilikuwa limetoboka na mashine imekula vumbi. Hapo hata beringi uzishuku. Shika flaiwili, itikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi za kranki zimekwisha.

Kagua pia vitu vidogo ambavyo muuzaji atakuambia havina maana: kifuniko cha tangi, kifuniko cha sproketi, swichi ya kuzima, springi ya stata. Kwa modeli adimu, kifuniko kimoja kinaweza kukusumbua kuliko silinda. Ukiikuta mashine imevaa cheni ya meno ya mikwaruzo kama msumeno wa mkono, usiitupe. Joseph Buford Cox alianza kuuza cheni yenye meno yaliyopinda mwaka 1947, baada ya kuchunguza taya za funza wa mbawakawa anavyotafuna kisiki, na muundo huo ukafukuza ule wa zamani karibu kila mahali. Cheni ya mikwaruzo siku hizi ni ngumu kupata kuliko injini iliyoibeba.

Na ukiona namba ya mali ya serikali au ya shamba la chai imegongwa kwenye mpini, weka pesa mfukoni mpaka uone karatasi.

Sasa kipimo cha uvujaji. Vitabu vya ufundi vinataka chumba cha kranki kishike presha ya baa 0.5 bila kushuka, na pampu ya kazi hiyo ipo, ila si lazima uinunue. Chukua plagi mbovu yenye uzi wa milimita 14 uleule. Vunja kauri yake, toa kiini chote mpaka ibaki ganda la chuma tu. Mpelekee fundi wa kuunga kwa shaba akuchomelee shina la vali ya tairi juu yake, lile la chuma, halafu toa kile kipini cha ndani. Upande wa pili tumia kipima presha ya damu cha mshale ambacho mfuko wake wa mkononi umepasuka: kina balbu, kina vali, kina geji. Mirija miwili iliyokuwa ikiingia mfukoni iunganishe kwa kiungo cha njia tatu, na njia ya tatu uivalishe kwenye shina la vali. Geji hiyo inaishia milimita 300 za zebaki, ambazo ni sawa na baa 0.4. Inatosha kumfichua mwizi.

Funga plagi hiyo mahali pa plagi ya kawaida. Kata vipande vya tyubu ya gari, kimoja kizibe tundu la ekzosti na kingine kizibe njia ya kabureta, uvibane kwa ekzosti yenyewe na kabureta yenyewe. Kama kuna mpira mdogo wa kupeleka mapigo ya kranki kwenye kabureta, uzibe nao. Shusha pistoni mpaka chini kabisa, ili njia za kupitishia petroli ziwe wazi na silinda na chumba cha kranki viwe kitu kimoja. Jaza mpaka 300, funga vali, hesabu sekunde 20. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwa brashi: nyuma ya flaiwili, nyuma ya klachi, kwenye maungio ya nusu mbili za kasha, chini ya silinda, shingoni mwa kabureta. Mapovu hayadanganyi.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Mdomo wa sili unatazama ndani. Presha ikiwa ndani inaukandamiza mdomo kwenye chuma, hivyo sili iliyochoka hufaulu mtihani wa presha na kuanguka ule wa kunyonya. Rudia kipimo kwa pampu ya kunyonya hewa, ile inayotumika kutoa hewa kwenye breki za gari, na utumie geji yake yenyewe. Nyonya mpaka baa 0.5 chini ya hewa ya kawaida, hesabu tena, safari hii ukizungusha kranki taratibu. Sili inayoshika ikisimama na kuachia ikizunguka ni ya kubadilishwa.

Ili kuzifikia sili lazima utoe klachi upande mmoja na flaiwili upande mwingine. Klachi za pawasoo, karibu zote, zina uzi wa kinyume: zinafunguka kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, na zimepigwa alama za nyundo na patasi na watu wasiojua hilo. Kuzuia injini isizunguke, pandisha pistoni mpaka ipite tundu la ekzosti, halafu jaza kamba ya stata kupitia tundu la plagi. Ukiingiza kamba wakati tundu la ekzosti bado liko wazi, kamba itachomoza humo na kukatwa, na nyuzi zake utazitoa kwa kibano mpaka jioni. Flaiwili isigongwe pembeni. Ilegezwe kwa puli ya kung'olea, au nati ikiwa imerudishwa mpaka usawa wa ncha ya kranki, ugonge nati hiyo kidogo kwa nyundo ya shaba huku ukiinyanyua mashine kwa kushika flaiwili.

Sili ya zamani itoboe kwa keekee ya milimita 2, ingiza skrubu, uvute kwa koleo. Tahadhari keekee isiguse kranki. Sehemu ambayo mdomo wa sili hukaa ipige kwa ukanda wa msasa namba 600 uliolowa oili, kwa kuzunguka, si kwa urefu. Sili mpya ina vipimo vitatu: kipenyo cha kranki, kipenyo cha nje, unene. Duka lolote la beringi Nakuru au Kisumu litakutafutia kwa vipimo hivyo, na mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ukiitaja pawasoo. Paka grisi mdomoni, elekeza mdomo ndani, isukume kwa soketi yenye upana wake, ikae sawa na ile ya kwanza ilivyokaa.

Kama beringi nazo zinatoka, kasha linapashwa moto. Nyuzi 120 hadi 150 zinatosha, katika jiko la kuokea mikate. Tone la maji likiangukia kasha linachemka na kukauka papo hapo. Beringi iliyolala kwenye friza usiku kucha inadondoka mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Usitumie moto wa gesi. Makasha mengi ya mashine hizi ni ya magnesi, na magnesi ikishika moto, maji yanauchochea. Kuitofautisha na alumini, kwangua rangi sehemu iliyofichika, dondosha siki: magnesi hutoa vipovu mara moja, alumini hukaa kimya. Fanya hivyo pia kabla ya kumpa fundi alehemu ufa, maana fimbo ya alumini haitashika kwenye magnesi, na cheche zake zina hatari yake.

Silinda iliyopakwa alumini haijafa. Ushauri unaozunguka ni kumimina asidi ya hidrokloriki, ile ya kusafishia vigae, iyeyushe alumini iliyoganda. Kwa silinda za kisasa zenye ngozi ya nikeli na silikoni kabaidi ushauri huo unafaa. Silinda nyingi za kizazi cha 070 zina ngozi ya kromiamu, na asidi hiyo inaiyeyusha kromiamu vilevile. Utasafisha pistoni iliyoganda na ngozi ya silinda pamoja nayo. Kwa kromiamu tumia kostiki soda: pamba kwenye kijiti, paka juu ya alumini tu, acha itoe vipovu dakika moja au mbili, futa, rudia, suuza kwa maji mengi. Kaa mbali na kingo za matundu, kwa sababu mwili wa silinda chini ya ngozi ni alumini nao utaliwa. Vaa glavu na miwani. Malizia kwa msasa laini na mafuta ya taa, kwa kidole, mpaka ukucha usinase popote. Ukiona sehemu ya rangi tofauti ambayo ukucha unazama ukingoni mwake, ngozi imebanduka, na hiyo silinda ni pambo la rafuni.

Wakati wa kurudisha pistoni, mshale wake uelekee ekzosti. Vibanio vya pini visitumike mara mbili. Kibanio kimoja kikiruka ndani ya injini ni silinda nyingine utakayoitafuta.

Moto wa plagi hausumbui sana kama sifa yake. Mashine zenye pointi (vigusio vya kukata na kuunga umeme) chini ya flaiwili zinahitaji mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, uliopimwa pointi zikiwa zimeachana kabisa. Pitisha kikaratasi cheupe kilicholowa thina katikati yake mpaka kitoke cheupe. Pointi zilizolala miaka hutoa utando usioonekana unaozuia umeme. Cheche ikiwa ya njano na pointi zimeungua, badilisha kondensa. Kabla ya kulaani koili, chomoa waya wa swichi ya kuzima ujaribu tena. Waya huo ukichubuka na kugusa kasha, mashine imezimwa siku zote, na koili nzima nyingi zimetupwa kwa sababu hiyo. Angalia pia ufunguo mdogo wa flaiwili. Ukiwa umekatika nusu, cheche inakuja kwa wakati usio wake na kamba inarudi na mkono wako. Mwanya wa plagi ni milimita 0.5.

Kabureta ya Tillotson HL, utakayoikuta kwenye nyingi, ni rahisi kuielewa. Ina pampu upande mmoja na chumba cha kupimia upande mwingine, kila upande na dayaframu yake. Piga picha kila hatua, maana mpangilio wa gasketi upande wa pampu hutofautiana. Upande wa kupimia, gasketi hutangulia kwenye mwili wa kabureta, dayaframu ikafuata, kisha kifuniko. Kile kiwiko kinachobeba sindano kiwe usawa mmoja na sakafu ya chumba. Weka ukingo wa rula juu yake uone. Kikiwa juu, mashine inafurika. Kikiwa chini, inakosa petroli ukifungua triga. Vitundu vipulizwe kwa hewa. Visichokonolewe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka hakuna skrubu itakayolirudisha. Mpira wa petroli ndani ya tangi ubadilishwe hata kama unaonekana mzima: ukunje, uone nyufa.

Skrubu za H (petroli ya kasi ya juu) na L (ya kasi ya chini) zifunge taratibu mpaka ziguse, kisha zifungue mzunguko mmoja kila moja. Hapo mashine itawaka. Kuirekebisha ni kusikiliza. Ikiwa na moto, fungua triga yote bila kukata kitu: sauti iwe na mkoromo, kama mtu anayesukutua maji kooni. Ikizama kwenye gogo, mkoromo upotee na sauti isafike. Ikiwa inalia safi kabisa bila kazi, H imefungwa mno, na pistoni inaungua huku ukiifurahia sauti. Kuna tahadhari moja: baadhi ya HL zina vali ndogo ya kudhibiti kasi inayomwaga petroli ya ziada mizunguko ikizidi, nayo inakoroma hivyohivyo. Mashine ya namna hiyo iamuliwe ikiwa ndani ya gogo, na kwa rangi ya plagi, isiamuliwe kwa mkoromo wa bure.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Molo iko kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, Kisumu kama 1,130. Hewa ya Molo ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa zaidi ya asilimia 10. Pawasoo iliyorekebishwa vizuri Molo, H ikiwa imefungwa kidogo kwa sababu hewa ni chache, ikipakiwa kwenye pikapu na kushushwa kando ya ziwa inakuta hewa nzito na petroli ileile. Mchanganyiko umekuwa mwepesi bila mtu kugusa skrubu. Mwenye nayo atasema imepata nguvu ghafla, na kwa siku moja atakuwa na haki. Ukishusha mashine, fungua H robo mzunguko kabla ya kuiwasha, kisha urudi kusikiliza. Ukiipandisha mlimani kosa linakuwa la upande salama: itatoa moshi na kuwa nzito, haitakufa.

Geji ya kompresheni nayo inasoma kulingana na mlima. Injini ambayo pwani ingesoma psi 150 itasoma karibu 130 Kisumu, 120 Nakuru na 110 Molo, bila kuwa na kasoro yoyote. Silinda nzuri zimehukumiwa bure huku juu kwa kufuata namba za kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya tambarare. Vuta kamba mara sita triga ikiwa wazi, uandike namba, na uilinganishe na mahali uliposimama.

Kuhusu oili, mabishano hayaishi. Stihl wenyewe kwenye vitabu vyao wanaruhusu 50 kwa 1 kwa oili yao, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli, na 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita, kwa oili nyingine. Kwa mashine iliyofunguliwa na kufungwa upya, tumia mililita 40 katika matangi ya mwanzo, hata oili ikiwa ya daraja la juu la FD. Baadaye mililita 30 hazina ubaya. Jambo linalosahaulika ni kwamba oili ikiongezeka petroli inapungua katika tone lilelile, kwa hiyo ukibadilisha kipimo, rekebisha H tena. Pima kwa sirinji ya mifugo. Kifuniko cha soda kimeua pawasoo nyingi kuliko miti iliyoziangukia.

Oili chafu ya gari kwenye tangi la cheni ni desturi ya huku, na ni desturi mbaya. Unga wa chuma uliomo unakwangua pampu na kuziba kitundu cha baa. Oili mpya ya namba 30 inafaa.

Cheni ya 070 kwa kawaida ni ya inchi .404, na tupa yake ni ya duara, milimita 5.5. Kukata gogo kwa upana, noa kwa pembe ya nyuzi 30. Kupasua mbao kwa urefu, kazi kubwa ya mashine hizi huku Magharibi, shusha mpaka 10. Kidhibiti cha kina, kile kinundu mbele ya jino, kiwe chini ya jino kwa milimita 0.8. Ukikishusha zaidi ili ile haraka, cheni itang'ata na mikono yako italipa, hasa kwa kuwa mashine nyingi za miaka ile hazina breki ya cheni. Ncha ya juu ya baa isiguse kitu chochote. Na kazi ifanyike shambani kwa mwenye mti wake. Msituni bila kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, ni kosa kisheria, hata uwe na mashine ya makumbusho.

Rangi? Osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, halafu itazame siku mbili kabla ya kufungua kopo. Palipochakaa kwa viganja vya mtu aliyeishika miaka ishirini ni sehemu ya mashine. Paka pale tu ambapo magnesi iko uchi, kwa sababu inaliwa haraka, zaidi karibu na ziwa, na uanze na praima ya metali nyepesi la sivyo rangi itabanduka kama ganda la muhogo. Stoo yenyewe iwe kavu, tangi tupu, kabureta iliyokaushwa kwa kuiacha injini izime yenyewe kwa kukosa petroli. Ziba tundu la ekzosti kwa kitambaa. Nyigu wa udongo wanalipenda sana, na udongo wao ukidondoka ndani ya silinda unafanya kazi ya msasa.

Matangi matatu ya kwanza yawe ya kazi nyepesi: matawi, kuni, bila kushikilia triga wazi kwa zaidi ya nusu dakika. Baada ya tangi la tatu toa plagi ikiwa bado na moto. Kauri ya rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi na mbichi, funga H kidogo. Nyeupe kama chokaa, zima hapohapo, usiguse kabureta, kachukue ile plagi ya vali na geji ya presha, uanze kuhesabu sekunde 20 upya.